Wanafunzi Waliowauliza Wazee

Wahitimu wenzangu na vijana mlioko shuleni, mwaka 1966 wanafunzi wa sekondari katika wilaya ya Rabun, Georgia, kusini mwa Marekani, walianzisha jarida lao, Foxfire. Waliwaendea wazee wa milimani na kinasa sauti na kamera, wakaandika jinsi ya kujenga nyumba ya magogo na kutibu kwa mitishamba. Mwaka 1972 maelezo hayo yalitolewa kitabu.

Nilipoisoma habari hiyo Chuo Kikuu niliona haya. Barua ambazo marehemu baba aliniandikia nikiwa bwenini hapa nilizisahau sandukuni, zikaliwa na mchwa. Naye mwenyewe sikumwuliza kitu. Vijana, likizo hii nendeni na daftari. Andikeni jina na mwaka nyuma ya kila picha. Wazee hawatungoji.