Ukungu wa miwani ya enduro

Ukungu wa miwani ya enduro ni utando wa matone madogo ya maji unaojitokeza upande wa ndani wa miwani ya kujikinga anayovaa mwendesha pikipiki wa njia za porini. Chanzo chake ni pumzi na jasho: hewa ya joto yenye unyevu ikigusa kioo kilichopoa, mvuke hugeuka maji. Tatizo huzidi kwenye matope na miinuko mikali, ambako mwendo ni wa polepole na upepo haupiti kwenye matundu ya sponji ya miwani. Kwa bahati mbaya, hapo ndipo dereva anapohitaji kuona vizuri zaidi.

Kinga bora ni kioo cha tabaka mbili, kwani hewa iliyofungiwa katikati huzuia tabaka la ndani lisipoe. Bob Smith, daktari wa meno wa Marekani, alikitumia katika miwani ya theluji miaka ya 1960. Dawa ya kuzuia ukungu hutandaza matone yawe utando mwembamba unaopitisha mwanga. Kioo kilicholowa kisisuguliwe ndani kwa glavu, maana dawa hutoka na mikwaruzo hubaki. Kikaushwe taratibu kwa kitambaa laini, safi.