Daftari la Baharia na Kimya cha Wapagazi

Mkazi wa Buzebazeba hana haja ya kwenda mbali ili kuikaribia Vita Kuu ya Kwanza. Bandari ya Kigoma i karibu, na meli ya Liemba, ambayo wazee wengi wa mwambao huu wamesafiri nayo, ilishushwa majini hapo mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifungwa mzinga uliotolewa katika Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mzinga huo uliletwa Kigoma kwa reli. Tarehe 26 Julai 1916, adui akikaribia, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Waingereza waliiibua, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya.

Kwa ajili ya manowari hiyohiyo ya Königsberg, baharia kijana aitwaye Nis Kock aliletwa katika nchi yetu. Alitoka Schleswig ya Kaskazini, ambako watu wengi walisema Kidenmarki lakini walikuwa chini ya utawala wa Kijerumani tangu vita vya 1864. Mwaka 1915 alipakiwa katika Rubens, meli ya Waingereza iliyotekwa, ikapewa jina la Kidenmarki, Kronborg. Mabaharia wake walichaguliwa kwa lugha yao, ili adui akiwasimamisha adanganyike. Walibeba makaa ya mawe ya Königsberg, pamoja na bunduki na risasi. Tarehe 14 Aprili 1915 waliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiwapiga mizinga. Meli iliungua, sehemu kubwa ya shehena iliokolewa, na baharia akawa mtu wa vita vya nchi kavu.

Zaidi ya miaka 20 ilipita. Mwaka 1920 watu wa kwao walipiga kura kurudi Denmark. Kisha, katika miaka ya 1930, mwandishi Christen P. Christensen alizitumia barua na kumbukumbu zake za kila siku kutunga kitabu, kilichotokea kwa Kiingereza mwaka 1940.

Je, ushuhuda huharibika kwa kuchelewa? Mkristo hawezi kusema hivyo upesi. Luka naye aliandika miaka mingi baada ya mambo kutukia, akiwategemea walioyaona kwa macho. Neno la kuangaliwa ni mkono wa mhariri. Kitabu cha Kidenmarki kiliitwa kwa jina lenye maana ya kwamba watu wa Jutland ya Kusini wanaitetea Afrika Mashariki. Waliitetea kwa ajili ya nani? Kock alivikwa sare ya dola iliyowatawala watu wake. Askari na wapagazi wetu nao walipelekwa katika ugomvi usio wao. Jina lile lilimfanya mmoja kuwa mtetezi, likawaacha wengine nje ya jalada.

Na wengine hao walikuwa wengi. Kumbukumbu za Waingereza peke yake zahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao. Walikuwa na macho kama baharia yule. Walichokosa ni daftari, na mtu wa kuwauliza kabla hawajafa.

Ndugu wachungaji na wanafunzi, jambo hili latuhusu. Waliopigana vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 sasa ni wazee, na huenda katika sanduku la mmoja wao limo daftari. Sisi huingia nyumba hizo kwa sala na kwa maziko. Tukipewa karatasi hizo kwa ridhaa ya wenyewe, tuzichape jinsi zilivyoandikwa, hata mahali penye aibu. Mhariri aoneshe wazi alipotia mkono wake. Kisha twende tukawaulize wale waliokuwapo bila kalamu.

Katekisimo Ndogo yatufundisha kwamba Amri ya Nane haikatazi uongo tu, bali yatudai tumtetee jirani. Mpagazi aliyekufa njiani bila jina naye ni jirani. Tukimchapa baharia na kumnyamazia mpagazi, tutakuwa tumesema kweli nusu, na jirani yetu ataendelea kudai nusu iliyobaki.