Zombi wa Haiti: Hofu ya Mtumwa, Dharau ya Mgeni

Imani ya zombi ilikomaa katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Kufikia mwaka 1789 koloni hilo lilikuwa na watumwa wapatao nusu milioni, wengi wao wazaliwa wa Afrika, hasa wa eneo la Kongo. Walikata miwa na kusaga sukari usiku na mchana, na wengi walikufa miaka michache tu baada ya kushushwa melini. Waliamini kwamba kifo kingewarudisha kwa mababu zao ng'ambo ya bahari. Kwa watu wa namna hiyo, lililotisha kuliko kufa lilikuwa kufa na bado kuendelea kufanyishwa kazi.

Zombi basi si mla watu, ni kibarua. Inasimuliwa kwamba bokor, mganga wa heri na shari, humlaza mtu usingizi unaofanana na kifo, humfukua baada ya mazishi, kisha humpeleka shambani akiwa hana nia wala kumbukumbu. Msomaji wa Tanzania ataiona hapo sura ya msukule, anayesemwa kuwa hulimishwa usiku na kulishwa pumba. Zombi naye ana mwiko wake wa chakula, yaani chumvi. Akiionja tu, hutambua kwamba amekufa na kushika njia ya kurudi kaburini.

Wanavijiji walichoogopa si kukutana na zombi, bali kumwona ndugu yao akigeuzwa zombi. Ndiyo maana wafiwa walilinda kaburi hadi maiti aoze, au wakamshona mdomo asiweze kuitika akiitwa. Wengine walimzika na ufuta wa kuhesabu, au sindano isiyo na tundu na uzi wa kutunga, ili ashughulike na kazi hiyo asimsikie bokor. Sheria nayo ililitazama jambo hilo kwa macho makavu: kifungu cha 246 cha sheria ya adhabu ya Haiti kilihesabu kuwa ni mauaji kumpa mtu dawa ya kumzimisha, akazikwa.

Mwaka 1915 askari wa Marekani waliivamia Haiti, wakakaa hadi 1934. Waliwakamata wanavijiji na kuwalazimisha kujenga barabara bila ujira, na walioasi waliuawa kwa maelfu. Katikati ya hayo, mwaka 1929, Mmarekani William Seabrook alichapisha kitabu chake The Magic Island. Humo mna kisa cha nyapara aliyeleta kundi la mazombi kukata miwa ya Hasco, kampuni ya sukari ya Wamarekani. Aliwaeleza wakubwa kwamba hao ni washamba wa milimani wanaoshangaa kelele za kiwanda, akaaminiwa. Dharau kwa watu wa bara ilitosha kuwa maelezo. Mkewe, kwa huruma, aliwanunulia peremende za karanga bila kujua zina chumvi. Wakatembea moja kwa moja hadi makaburini kwao.

Wasomaji wa Marekani hawakuona humo kisa cha kazi ya shuruti. Waliona ushahidi kwamba Wahaiti ni washenzi wanaohitaji kutawaliwa. Filamu ya White Zombie ya 1932 bado ilionyesha wafu wakizungusha kinu cha sukari, lakini hofu yake kuu ni mwanamke mzungu kugeuzwa mtumwa. Mwongozaji wa Marekani George Romero alipotoa filamu yake ya wafu ya 1968, Haiti haikutajwa kabisa, na wafu walikuwa wakila watu.

Dharau haikutoka nje tu. Msomi wa Haiti Jean Price-Mars aliwatetea wakulima na mila zao mwaka 1928, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1940 Kanisa Katoliki, likisaidiwa na serikali, lilichoma ngoma na vifaa vya vodou, dini ya jadi ya Wahaiti. Ya nje nayo haikuisha: Ukimwi ulipozuka, Wahaiti waliorodheshwa Marekani kama kundi la hatari, na mwaka 1986 jarida maarufu la madaktari lilichapisha barua iliyouliza kama ibada za mazombi zinaeneza virusi. Mwaka 1990 maelfu ya Wahaiti waliandamana kuvuka daraja la Brooklyn, New York, kupinga marufuku ya kupokea damu yao, na kabla mwaka haujaisha marufuku hiyo iliondolewa.