BMI kawaida, sukari juu: Je, kipimo cha uzito kinatosha?

Siku hizi hakuna kambi ya matibabu ya bure, iwe ni uwanjani mwa msikiti, madrasa au shule ya msingi, isiyokuwa na mzani karibu na mlango. Wapanda, wasimama ukutani upimwe urefu, kisha kijana mwenye koti jeupe abonyeza simu yake na kukuandikia nambari kwenye karatasi: 22, 27, 31. Kando ya nambari huwa pana neno: kawaida, uzito uliozidi, au unene wa kupindukia. Watu wengi huishia hapo. Foleni ya presha na sukari ni ndefu, jua ni kali, na aliyeandikiwa "kawaida" haoni haja ya kusimama tena. Yule wa 27 naye aondoka amenuna, akisema vipimo hivi ni vya Wazungu.

Nambari hiyo ndiyo BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Swali la makala haya ni kama inaweza kweli kumwambia mtu kuwa uzito wake ni wa afya. Jawabu langu ni kwamba yafaa kuwa swali la kwanza la daktari, na haifai hata kidogo kuwa la mwisho. Na kwetu sisi watu wa Pwani, kosa lake la hatari zaidi ni lile la kumtuliza mtu ambaye hakustahili kutulizwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha jawabu uligawanye tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 70 mwenye urefu wa mita 1.55 atapata 29.1. Kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani, chini ya 18.5 ni uzito mdogo, 18.5 hadi 24.9 ni kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia.

Angalia lakini vile urefu unavyoweza kuiharibu hesabu hiyo. Mama yuleyule akipimwa na viatu vyake vya kisigino, aonekane ana mita 1.58, nambari yashuka hadi 28. Akiulizwa urefu wake kwa mdomo, naye akakadiria mita 1.52, yapanda hadi 30.3 na amehamishwa fungu zima. Kwa hivyo kabla hujafurahi wala kukasirika, uliza kama ulipimwa bila viatu, na kama kilemba au kofia ilivuliwa au angalau ilibonyezwa.

Aliyeianzisha fomula hii hakuwa daktari. Ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyezaliwa 1796, mtaalamu wa nyota na hesabu. Katika miaka ya 1830 alikuwa akitafuta sifa za "mtu wa wastani" katika jamii, na akaona kwamba kwa watu wazima uzito huelekea kuongezeka kulingana na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hakuwa akitafuta mgonjwa. Fomula ikakaa vitabuni zaidi ya miaka 100, hadi 1972, Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipolinganisha njia kadhaa za kukadiria unene kwa kutumia vipimo vya watu zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano: Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Ya Quetelet ikaonekana haizidiwi na nyingine rahisi, nao wakaipa jina la BMI. Watu wale wote walikuwa wanaume. Sisi leo twaitumia kumpima mama aliyezaa watoto sita.

Mipaka nayo haikushuka kutoka mbinguni. Hadi 1998, Marekani ilimhesabu mwanamume kuwa na uzito uliozidi akifika 27.8 na mwanamke 27.3. Mwaka huo mpaka ukateremshwa hadi 25 ili ulingane na wa kimataifa, na mamilioni ya Wamarekani waliolala wakiwa kawaida wakaamka wamezidi uzito bila kuongeza hata ratili moja.

Sasa tuje kwenye kiini. Mzani hupima kila kitu kwa pamoja: mifupa, misuli, maji, mafuta, na chakula ulichokula asubuhi. Hauwezi kutenganisha. Mfikirie hamali aliyepakia magunia tangu ujana wake, urefu mita 1.70, kilo 84, mabega kama mlango. BMI yake ni 29. Mfikirie na mwenye duka wa urefu na uzito huo huo, anayeketi tangu saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, soda kando, viazi karai saa kumi. Naye ni 29. Karatasi zao zafanana, miili yao haifanani.

Hilo la hamali watu hulijua na hulipenda, kwa sababu kila mwenye kitambi hujiona ni hamali. Upande wa pili ndio hausemwi sana. Mwaka 2004, jarida la Lancet lilichapisha picha ya madaktari wawili watafiti wamesimama pamoja, Chittaranjan Yajnik wa Pune, India, na John Yudkin wa London. Wote wawili walikuwa na BMI ya 22.3, kawaida kabisa. Mafuta mwilini yalipopimwa kwa mashine, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik asilimia 21.2. Mmoja alikuwa na mafuta zaidi ya maradufu ya mwenzake, na nambari ya karatasini haikuonyesha tofauti yoyote.

Mtu wa namna hiyo twamjua mitaani. Mikono myembamba, miguu myembamba, uso mkavu, lakini kanzu imevimba mbele. Tuseme ana mita 1.72 na kilo 67. BMI yake ni 22.6, ataandikiwa "kawaida" na kuambiwa aendelee vivyo hivyo. Kumbe mafuta yake yamekaa pale pabaya, ndani ya tumbo, yakizunguka ini, kongosho na matumbo. Mafuta ya mahali hapo hayatulii. Huingia kwenye ini, huufanya mwili usiisikie vizuri insulini, na sukari huanza kupanda kidogo kidogo miaka mingi kabla ya mtu kuhisi kiu au kwenda haja ndogo mara kwa mara. Mafuta ya nyonga na mapaja, ambayo mitaa yetu imeyasifu tangu enzi za mababu, hayana madhara makubwa kama hayo. Ndiyo maana wanawake wawili wenye BMI moja, mmoja amejaa nyonga na mwingine amejaa tumbo, hawako katika hatari moja.

Utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu watu wazima wa Marekani zaidi ya 40,000 uliangalia presha, sukari na mafuta ya damu badala ya uzito pekee. Karibu nusu ya walioitwa wenye uzito uliozidi walikuwa salama katika vipimo hivyo, na zaidi ya asilimia 30 ya walioitwa kawaida hawakuwa salama. Hao wa pili ndio wanaonitia wasiwasi, maana hakuna anayewaita.

Kuna na suala la asili, ambalo kwetu lina utata wake. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza waliangalia rekodi za watu karibu milioni moja na nusu wa huko, wakauliza: ikiwa Mzungu wa BMI 30 ana kiwango fulani cha hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili, watu wa asili nyingine hufikia hatari hiyo kwenye nambari gani? Kwa Weusi ilikuwa 28.1, kwa Waarabu 26.6, na kwa watu wa asili ya Bara Hindi 23.9. Uingereza ikabadilisha mwongozo wake mwaka uliofuata: kwa watu wa asili hizi zote tatu, na Waasia wengine, uzito huhesabiwa kuzidi kuanzia 23, na unene kuanzia 27.5. Karatasi nyingi tunazopewa hapa bado zina 25 na 30 pekee.

Hapo Mswahili atauliza, na ana haki: mimi niingie kundi gani? Nyanya upande wa mama ni Mdigo, babu alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, na upande wa baba kuna jamaa wa Kachchh. Hakuna jedwali lililoandikwa kwa ajili ya familia kama hiyo, na familia kama hiyo ndiyo nusu ya mtaa. Ushauri wangu ni kuchukua ule mpaka wa chini. Ukifika 23, anza kuuliza maswali mengine. Hupotezi kitu.

Sitaki lakini mtu asome hapa apate kisingizio. Wapo wanaosema "BMI ni uongo" na huku sahani ya pili ya biriani iko mapajani. Mwaka 2016 pia, watafiti walikusanya tafiti 239 zenye watu zaidi ya milioni 10 kutoka mabara manne. Miongoni mwa wasiovuta sigara na wasiokuwa na maradhi sugu, vifo vilikuwa vichache zaidi kwa wenye BMI kati ya 20 na 25, na viliongezeka kadiri nambari ilivyopanda. Kwa umati wa watu, nambari ya Quetelet yasema kweli. Ukiwa na 36 na si mbeba magunia wala mnyanyua vyuma, usijadiliane na mzani.

Hapa kwetu takwimu ni za kufikirisha. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene, na kwa wanawake kiwango kilikuwa zaidi ya maradufu ya wanaume. Katika utafiti huo huo, zaidi ya asilimia 80 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani mwao. Weka mambo hayo mawili pamoja, uone ni kwa nini neno "kawaida" kwenye karatasi laweza kumgharimu mtu miguu yake au macho yake.

Wataalamu wenyewe wameanza kulikubali hili rasmi. Mwaka 2023, Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwashauri wanachama wake wasiitegemee BMI peke yake. Januari 2025, jopo la kimataifa chini ya jarida moja la familia ya Lancet likapendekeza kwamba unene usithibitishwe kwa BMI pekee, bali kiongezwe kipimo cha tumbo au cha mafuta yenyewe, kisha iangaliwe kama viungo vimeanza kudhurika.

Kipimo cha tumbo hakihitaji mashine. Tepu ya fundi wa nguo yatosha. Vua nguo nzito, simama wima, tafuta mwisho wa mbavu zako za chini na sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga, uzungushe tepu katikati ya hapo. Si pale unapofunga shuka au mshipi, maana wengi huufunga chini ya kitambi na kujidanganya. Pumua kawaida, toa pumzi, soma. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekuangalia. Linganisha na urefu wako: tumbo lisifike nusu ya urefu. Yule bwana wetu wa mita 1.72 nusu yake ni sentimita 86, kama inchi 34. Akipata 96, tumbo limeshasema lile ambalo BMI ya 22.6 ililificha. Kanuni hii ya nusu imo katika mwongozo wa Uingereza, na uzuri wake ni kwamba haimuulizi mtu babu yake alitoka wapi.

Baada ya tepu, subiri ile foleni ndefu. Presha ikifika 140 kwa 90 katika vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0, yahitaji kurudiwa na kuthibitishwa na daktari. Ukiwa na mzazi au ndugu mwenye kisukari, au ulipata sukari ukiwa mjamzito, pima hata kama BMI yako ni 21.

Mipaka hii si ya kila mtu. Mja mzito haipimwi kwayo uzito wa mimba. Huangaliwa uzito wake wa kabla. Watoto wana majedwali yao kulingana na umri na jinsia, na wale wa chini ya miaka mitano hupimwa pia mzunguko wa mkono kwa ule utepe wa rangi tatu kliniki, ambapo chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu.

Wazee ndio hukosewa zaidi. Mtu akizeeka hupungua urefu na misuli huyeyuka, kwa hivyo BMI yaweza kukaa palepale ilhali nguvu zimetoka na mafuta yameingia. Na ikishuka yenyewe, tuseme kutoka 28 hadi 24 kwa miezi michache bila mtu kubadilisha chakula wala kutembea zaidi, karatasi itasema sasa amekuwa kawaida, na majirani watamwambia mashaallah umejipunguza. Kisukari kisichotibiwa hukondesha. Kifua kikuu hukondesha. Saratani hukondesha. Huyo apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo.