Walimu wa Kaskazini Mashariki ya Kenya



Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na wapiganaji wa kundi la Al-Shabaab. Abiria walitenganishwa kwa dini zao, na watu 28 wakauawa kando ya barabara. Wengi wao walikuwa walimu wa shule za serikali waliofunga muhula na kurejea makwao kwa likizo. Shule zilipofunguliwa Januari 2015, wenzao waliosalimika walikataa kurudi. Tume ya Utumishi wa Walimu iliwataka warejee kazini. Wao wakapiga kambi Nairobi wakidai wahamishwe.

Yapo maswali mengi juu ya ulinzi wa barabara ile, na ndugu zetu wa majeshi ya ulinzi na usalama wanayajua kuliko sisi. Lakini lipo swali jingine lisiloulizwa sana. Ilikuwaje, nusu karne baada ya uhuru, mtoto wa Kisomali wa Mandera amtegemee mwalimu anayesafiri yapata kilomita 1,000 kumfikia?

Jibu lake ni la kale. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliitawala nchi ile, iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kama boma la kijeshi. Sheria ya mwaka 1902 ilimpa mtawala uwezo wa kufunga wilaya za pembezoni, asiingie wala asitoke mtu bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 ikaongeza adhabu ya pamoja: akikosa mmoja, ukoo mzima unalipa kwa mifugo yake. Katika utawala wa namna hiyo shule haikuwa na nafasi. Wamisheni waliojenga shule katika nyanda za juu hawakuruhusiwa kufanya hivyo huko, na watoto wakabaki na duksi, yaani chuo cha Kurani, ambacho kilifanya kazi yake vizuri lakini hakikutoa cheti cha kuingilia chuo cha ualimu.

Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza iliona kwamba wengi wa wakazi walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakutimizwa. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa huko kabla mwezi haujaisha, na vita vya shifta vikadumu hadi 1967, pale Kenya na Somalia zilipopatana mjini Arusha, hapa petu, kwa usuluhishi wa Rais Kaunda wa Zambia. Mapatano yalinyamazisha bunduki, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Katikati ya hapo, Februari 1984, yalitokea mauaji ya Wagalla karibu na Wajir, yaliyofanywa na askari wa serikali.

Ni kweli kwamba serikali ya uhuru ilijenga shule. Walimu, hata hivyo, ilibidi watoke mikoa mingine, maana wenyeji wenye elimu ya sekondari walikuwa wachache mno. Hapo ndipo mzunguko ulipofungwa: walimu wachache, ufaulu mdogo, ufaulu mdogo, vijana wachache wa kuingia vyuo vya ualimu. Baada ya 2014 lilitolewa pendekezo la kupunguza alama za kuingilia vyuo kwa vijana wa wilaya kame, na wengine wakalipinga wakihofia kushusha kiwango. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini darasa lisilo na mwalimu kabisa lina kiwango gani?

Sisi Watanzania tuliwahi kukabiliwa na uamuzi wa aina hiyo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa vijijini mwao, wakafundisha huku wakisoma kwa masomo ya posta na ya redio. Walidhihakiwa sana, na mafunzo yao yalikuwa na mapungufu. Hata hivyo madarasa yalifunguliwa, na waliofundisha walikuwa watu wanaojulikana na wazazi wa watoto wale.

Isidhaniwe kwamba mwalimu mwenyeji ana kinga ya risasi, au kwamba wageni hawatakiwi. Mwezi Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutengana na Wakristo. Mmoja wao, Salah Farah, mwalimu wa Mandera, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016, na serikali ya Kenya ikamtunukia nishani. Hakuwa na silaha. Alichokuwa nacho ni kusikilizwa na watu.

Mashambulio hayakukoma. Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Kila mara walimu wasio wenyeji walihamishwa kwa wingi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza huko Januari 2014 alifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi Machi 2022, na katika miaka hiyo sehemu ile ya nchi ilikuwa imepoteza walimu wake mara tatu.