Filamu Zilizofichwa Nyuma ya Ukuta

Ukiifuata njia ya sinema ya Afghanistan, huanzi Kabul. Filamu ya kwanza ya hadithi ya nchi hiyo, Ishq wa Dosti, ilipigwa Lahore mwaka 1946, maana nyumbani hapakuwa na studio. Shirika la serikali, Afghan Film, lilianza 1968, na tangu hapo kila mtawala alitaka kamera imfuate: mfalme, kisha Rais Daoud, kisha wakomunisti walioshika nchi mwaka 1978. Makopo ya filamu yakajaa kwenye rafu. Hotuba zilikuwamo tele, lakini pia hadithi za mapenzi na mitaa ya Kabul kabla ya maroketi ya vita.

Septemba 1996 Taliban waliingia Kabul. Sinema ikapigwa marufuku, filamu zikatakiwa motoni. Wafanyakazi wa Afghan Film wakacheza mchezo wa hatari. Walikubali zichomwe nakala, nyingi zikiwa filamu za kigeni, ambazo asili zake zilikuwa salama kwao zilikotoka. Negativi za filamu za Kiafghanistan, zisizo na pacha popote duniani, wakazificha nyuma ya ukuta bandia. Taliban waliona moto unawaka, wakaridhika. Wafanyakazi wangegunduliwa, wangelipa kwa roho zao.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba kati ya filamu za nyumbani hawakuchagua. Propaganda ya wakomunisti ilifichwa pamoja na filamu za mapenzi, ingawa sidhani wote waliipenda. Walielewa kwamba picha ya mtawala mbaya nayo ni ushahidi.

Taliban walipoondolewa 2001, makopo yalifunguliwa tena, na baadaye kazi ya kuziingiza filamu kwenye kompyuta ikaanza. Ni kazi ya polepole. Ukanda mkuukuu hunywea, huanza kunuka siki, na lazima usafishwe kwa mkono kabla ya kupita kwenye mashine.

Wakati huohuo, majumba ya kuzionyeshea yalikuwa yakitoweka. Novemba 2020 Cinema Park, jumba la miongo mingi katikati ya Kabul, lilibomolewa. Sahraa Karimi, mwanamke wa kwanza kuongoza Afghan Film, alijaribu kuzuia, akaondolewa kwa nguvu. Tingatinga lile halikutumwa na Taliban. Lilitumwa na serikali iliyojigamba kuwa mlinzi wa utamaduni.

Agosti 2021 Taliban walirudi. Karimi akakimbia nchi, na hazina ile ikabaki mikononi mwa kundi lilelile lililotaka kuichoma.