Mkono Uliolifinyanga Bakuli

Lipindue kwanza bakuli, ulitazame kitako. Glezi, ile ngozi ya kioo inayofunika udongo, imeteremka ubavuni ikaishia juu kidogo ya kitako, ikaacha pete nyembamba ya udongo mtupu wa kahawia. Katikati kuna alama ya kiganja chenye herufi G, na jina lililochanjwa udongo ukiwa bado mbichi: Friberg.

Jina hilo lilichelewa kufika hapo. Berndt Friberg alizaliwa mwaka 1899 katika ukoo wa wafinyanzi huko Höganäs, kusini mwa Uswidi. Mwaka 1934 aliajiriwa na kiwanda cha Gustavsberg, karibu na Stockholm, awe mtu wa gurudumu la kufinyangia. Msanii mkuu Wilhelm Kåge alichora umbo, Friberg akalifinyanga. Baadaye akamfinyangia na kijana Stig Lindberg. Wakati huo kiwanda kilikuwa kikitengeneza sahani na vikombe vya watu wa kawaida, na tangu 1937 kilimilikiwa na vyama vya ushirika. Mwaka 1942 kilifungua G-Studion, karakana ya sanaa, na miaka miwili baadaye Friberg akaanza kutoa kazi zake mwenyewe. Alikuwa na miaka 45.

Udongo wake si ule wa mtungi unaotoa jasho. Huchomwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,250 au zaidi, hadi chembe zikashikana kama jiwe na maji yasipenye. Lakini moyo wa Friberg ulikuwa kwenye glezi, na alizichanganya mwenyewe. Aliwatazama wafinyanzi wa China wa enzi ya Song, waliotangulia kwa karne kadhaa, na glezi yao iitwayo manyoya ya sungura. Sogeza bakuli dirishani utaiona: nyuzi nyembamba mno, za buluu au kahawia, zinashuka kutoka ukingoni kama manyoya yaliyochanwa. Si brashi iliyozichora. Glezi huyeyuka tanurini na kutiririka, na madini ya chuma yaliyomo hujitenga michirizi michirizi. Moto ukizidi, inamwagika yote chini. Ukipungua, manyoya hayatokei. Lililotoka tanurini bila kumridhisha alilivunja. Naamini ukali huo aliupata miaka ile ya kufinyanga umbo la mtu mwingine, ambapo kupotoka hata kidogo hakukubaliki.

Mabakuli yake yalipata medali za dhahabu kwenye maonyesho ya Triennale mjini Milan mwaka 1951 na 1954. Mengine ni madogo ajabu, ya sentimita chache tu, na bado ukingo wake umenyooka na manyoya yametimia. Alifariki mwaka 1981.

Leo wanunuzi hulitafuta jina lake kwenye kitako. Yale mabakuli aliyomfinyangia Kåge yamebaki na jina la Kåge.